Harusi kwenye DVD: TV inaonyesha watu wembamba, kompyuta iko sawa

Mdau_Umoja
Wadau, naomba msaada. Nina video ya harusi ya dakika 90, ya kamera, 1920×1080. Nimeichoma kwa DVDStyler (programu ya kuunda DVD). Kwenye VLC ya kompyuta iko sawa kabisa, lakini kwenye deki na TV bapa maharusi wanatoka wembamba na warefu, na kando zote mbili kuna weusi. Mle ndani kuna vipande vya simu vilivyochukuliwa wima. Hivyo navyo vimetanuka, watu wamekuwa wanene. Nakala zinaenda ushago, na huko bado kuna TV za mgongo. Nirekebishe wapi: kwa video, kwa programu au kwa deki?

fundi_kanda
Haya ni matatizo mawili, usiyachanganye. Nianze na la wembamba.

DVD ya PAL (mfumo wa TV wa kwetu) hubeba picha ya 720×576, iwe filamu ni 4:3 au 16:9. Pikseli ni zile zile. Deki ndiyo huzivuta ziwe kama 768×576 au 1024×576 kulingana na alama ya uwiano wa upana na kimo. Alama hiyo huandikwa mahali pawili: ndani ya mkondo wa MPEG-2 (video yenyewe iliyobanwa), na ndani ya faili la IFO, linaloiambia deki namna ya kucheza diski. Programu ya kompyuta inaweza kufuata ya kwanza, deki nyingi hufuata ya pili. Kwako inaelekea mkondo unasema 16:9 na IFO inasema 4:3, ndiyo maana kompyuta na TV hazikubaliani.

Hapo huna haja ya kubadilisha video upya. Nakili folda ya VIDEO_TS kwenye diski ya kompyuta, fungua VTS_01_0.IFO kwa IfoEdit (programu ya kuhariri faili za IFO), badilisha sifa ya video iwe 16:9, kisha hifadhi. Ikikuuliza kuhusu BUP, kubali. Hiyo ni nakala ya akiba ya IFO na lazima zifanane. Choma tena. Menyu ina alama yake peke yake, kwa hiyo menyu kubaki 4:3 si kosa.

mama_mhariri
Vipande vya simu havitapona kwa IFO, maana picha yenyewe ilishavutwa wakati wa kubadilishwa. Rudi kwenye faili la asili, uongeze weusi kando kabla ya kubana, kwa amri hii ya ffmpeg (programu ya kubadilisha video):

`ffmpeg -i simu.mp4 -vf "scale=1024:576:force_original_aspect_ratio=decrease,pad=1024:576:(ow-iw)/2:(oh-ih)/2" -target pal-dvd -aspect 16:9 simu.mpg`

Video ya wima ya 1080×1920 inakuwa 324×576 katikati ya fremu ya 1024, halafu `-target` inaibana fremu nzima kuwa 720×576. Ukiweka `-target` bila `pad`, inaivuta tu ijae, na ndipo unene unapotokea. Kabla ya kuchoma, pitisha faili kwenye ffprobe, kikaguzi kinachokuja na ffmpeg: unataka kuona SAR (umbo la pikseli) 64:45 na DAR (umbo la picha nzima) 16:9. Ukiona SAR 16:15, hiyo ni 4:3.

Kasarani_AV
Kuhusu ushago: usikate picha iwe 4:3 kwa sababu ya TV za mgongo. Utakata nusu ya msafara wa wazazi kwa bure. Acha 16:9, halafu kwenye deki ya huko, katika mipangilio ya aina ya TV, wachague 4:3 LB (letterbox). Picha itatoka nzima, na weusi juu na chini. 4:3 PS (pan & scan) hukata kando pale diski inaporuhusu. Deki ya TV bapa iwe 16:9, na hakikisha TV yenyewe haijawekwa zoom kwa rimoti, maana hiyo huharibu hata diski iliyo sawa.

Majina ya maharusi yasikaribie ukingo. TV za mgongo humeza kingo za picha, kwa hiyo acha asilimia 5 tupu kila upande.

Dakika 90 kwa 6000 kb/s ya video na 448 ya sauti zinaingia kwenye diski ya GB 4.7, ila nafasi ya kuongeza ni ndogo. Jaribia kwenye DVD-RW kabla ya kuchoma nakala zote, ikiwa deki yako inazisoma.

Mdau_Umoja
Asanteni sana. Swali la mwisho: kuna dakika 10 za kanda ya VHS ya harusi ya wazazi, 4:3. Naweza kuziweka humo humo?

fundi_kanda
Unaweza, lakini si ndani ya titleset (kundi la video ndani ya DVD) moja na harusi, kwa sababu titleset moja hubeba uwiano mmoja. Iundie titleset ya pili yenye 4:3. Ukitaka icheze mfululizo na harusi, iweke ndani ya 16:9 kwa `scale=768:576,pad=1024:576:128:0` badala ya kichujio cha mama_mhariri; faili la VHS la 720×576 halina pikseli za mraba, na kile chake kingekudanganya. Kwa dakika hizo 10 za ziada, shusha video iwe 5000 kb/s.