Familia ya Ngamiani, Tanga: kabla hatujaongeza mchango wa intaneti

JUMATATU USIKU

Shangazi Mwanaisha: Assalaam aleikum familia. Mama shikamoo. Nimeongea na kampuni ya intaneti, wanasema kifurushi chetu cha megabiti 20 tukipandishe kiwe cha 40. Hapo kila mchangiaji ataongeza 12,000 kwa mwezi. Zuhura ana usaili wa video Alhamisi saa 4 asubuhi, na jana alipojaribu na rafiki yake walikatika mara nne. Naomba majibu leo leo ili kesho nilipe.

Dada Rukia (Leicester): Waaleikum salaam. Shikamoo Bibi, shikamoo Shangazi. Mimi naunga mkono. Jumapili nilimpigia Bibi akaganda mkono uko hewani, sauti ikaja nyuma kabisa. Inaniuma, maana ndiyo siku pekee ninayomwona.

Baba Mdogo Kombo: Hapa sebuleni mbona naangalia mpira hadi dakika ya 90 haigomi?

Zuhura: Baba Mdogo, wewe unakaa mita mbili kutoka kwenye ruta. Mimi niko chumba cha uani.

Kaka Idd: Shikamooni nyote. Shangazi, tafadhali usilipe kwanza. Alichosema Baba Mdogo na alichojibu Zuhura ndicho kitu cha kufuatilia. Mimi kila siku hapa Dar naingia nyumba za watu kwa shida hii hii, na wengi nawakuta wameshapandisha kifurushi na shida iko palepale. Tupime, tujue megabiti zinapotelea wapi.

Shangazi Mwanaisha: Idd mwanangu, mimi nimeshapima. Juzi nilipakua faili la shule ya mtoto nikiwa hapo nyumbani, ikaandika 2 na nukta. Tunalipia 20 tunapewa 2. Si wizi huo?

Kaka Idd: Hapana Shangazi, hapo hujaibiwa. Ni vipimo viwili tofauti, kama kibaba na pishi. Kampuni inauza kwa megabiti, simu inapopakua faili inahesabu kwa megabaiti. Pishi ya mchele ina vibaba 4, pishi ya mtandao ina 8. Gawa 20 kwa 8 unapata 2.5. Ukiona 2 na nukta ujue mzigo umefika karibu wote.

Shangazi Mwanaisha: Kumbe. Miaka yote hii hakuna aliyeniambia.

Kaka Idd: Zuhura, fanya hivi sasa. Chukua laptopu, ichomeke kwenye ruta kwa ule waya mfupi uliokuja nao ndani ya boksi. Zima Wi-Fi ya laptopu. Baba Mdogo azime TV kidogo, na simu zote zitolewe Wi-Fi. Fungua Speedtest au fast.com, pima mara tatu. Kisha chomoa waya, washa Wi-Fi, upime sebuleni, ukumbini, jikoni, mwisho kitandani kwako. Niandikie namba tatu kila mahali: kupakua (kushusha), kupakia (kupandisha), na ile yenye ms. Hiyo ya ms watu wanaipuuza, lakini kwenye video ndiyo inayoamua kama mtaongea au mtadakizana. Inaonyesha ujumbe unachukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi.

Dada Rukia (Leicester): Idd, isije ikawa ni nyaya za baharini tena kama ule mwaka.

Kaka Idd: Ile ilikuwa 12 Mei 2024, dada. EASSy na Seacom, nyaya mbili za baharini zinazotuletea intaneti, zilikatika pamoja upande wa Afrika Kusini. Siku zile nchi nzima ilikwama, sebuleni na uani sawasawa. Bahari haichagui chumba.

Zuhura: Nimemaliza. Kwa waya: 19.1 / 18.4 / 12 ms, mara tatu karibu sawa. Wi-Fi sebuleni: 17.8 / 17 / 14. Ukumbini 11 / 8 / 22. Jikoni 6 / 3 / 48. Kitandani kwangu 1.4 / 0.3 / 310. Mara ya pili ikakataa kabisa kumaliza.

Kaka Idd: Ahsante sana, umeandika vizuri. Shangazi, angalia namba ya kwanza na ya mwisho. 20 yetu inafika nyumbani karibu yote. Ikifika kwa Zuhura imebaki moja na kitu. Tukinunua 40, pale kwenye waya patasoma 40, na kitandani patabaki hapohapo, maana kinachozuia kiko kati ya sebule na uani. Mazungumzo ya video ya watu wawili yanataka kama megabiti 3 kupakua na 3 kupakia ili picha itulie. Yeye anapakia kwa 0.3. Ndiyo maana yeye anawasikia, wao hawamsikii.

Zuhura: Ndivyo hasa! Rafiki yangu aliniambia "midomo inacheza, sauti hakuna".

Bibi (ujumbe wa sauti, umeandikwa na Zuhura): "Marahaba wanangu. Idd mume wangu, nyinyi mnapima, mimi nyumba hii naijua. Ukuta wa chumba cha Zuhura si wa matofali. Huo ndio ukuta wa zamani, mawe ya pwani na chokaa, aliujenga marehemu baba mkwe kabla mbele hakujaongezwa. Babu yenu alitaka kutundika saa pale, misumari mitatu ikapinda. Sasa kama msumari haupiti, hicho kitu chenu kitapita vipi?"

Kaka Idd: Bibi, umenipa jibu ambalo ningesafiri mpaka Tanga kulitafuta. Mawimbi yanapita kwenye tofali jembamba yakiwa yamechoka kidogo. Kwenye ukuta mnene wa mawe yanafia humo. Na kati ya ruta na Zuhura kuna kuta tatu, huo ukiwa wa mwisho.

JUMANNE

Kaka Idd: Zuhura, nipige picha ya mahali ruta ilipo. Na nyuma yake pia.

Zuhura: [picha] [picha]

Kaka Idd: Subhanallah. Iko ndani ya kabati, nyuma ya TV, imeegemezwa sahani za kioo. Lakini picha ya pili ndiyo imenishtua. Ikuze hapo chini kushoto. Ule uzi mwembamba wa faiba umebanwa na mguu wa kabati, umepinda kama ndoana.

Baba Mdogo Kombo: Hilo kabati tulilisogeza kabla ya Ramadhani, tulipopaka rangi.

Kaka Idd: Na kukatikakatika kwa nyumba nzima kulianza lini?

Baba Mdogo Kombo: Sasa unaniuliza... Ni kama tangu kipindi hicho. Huwa kuna taa nyekundu inawaka kwenye kile kiboksi, nikigonga kabati inazimika.

Kaka Idd: Ndiyo hiyo. Ndani ya faiba mna kioo chembamba kama unywele, na kinachopita humo ni mwanga. Ukikikunja sana mwanga unavujia pembeni. Leo unapita, kesho mtu akipita na ndoo kabati likatikisika, taa inakuwa nyekundu, wote mnakatika. Baba Mdogo, tafadhali mnyanyue kabati watu wawili, msiliburute. Zuhura autoe uzi taratibu bila kuuvuta. Mkunjo usipungue upana wa kikombe cha chai. Kama umeshakatika msijaribu kuunga, huyo ni fundi wa kampuni na mashine yake.

Zuhura: Tumeutoa. Una alama nyeupe pale ulipobanwa lakini taa imebaki kijani. Nimetikisa kabati mara kumi, haijawa nyekundu.

Dada Rukia (Leicester): Alhamdulillah. Yaani Bibi wangu alikuwa anagandishwa na mguu wa kabati.

Kaka Idd: Nusu yake, dada. Sasa ruta itoke kabatini. Kuna faiba ya akiba imeviringishwa ukutani, inatosha kufika ukumbini. Iwekeni juu, usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama, mbali na friji na maikrowevu. Mawimbi yanasambaa kama mwanga wa taa, na hakuna anayetundika taa kabatini.

Zuhura: Tumeiweka kwenye shubaka la ukumbini. Kitandani sasa 5.2 / 2.6 / 90. Sijawahi kuona 5 humu ndani!

Kaka Idd: Vizuri. Simu yako iko kwenye jina gani? Hiyo ruta inatoa mawimbi ya aina mbili, gigahezi 5 na gigahezi 2.4. Ya 5 ina mbio lakini ukuta unaisumbua. Ya 2.4 ina mwendo mdogo ila inapenya zaidi. Andika 192.168.1.1 kwenye kivinjari, utafungua ukurasa wa ruta, uzipe majina mawili tofauti. TV ya Baba Mdogo ishike ya 5, wewe wa uani shika ya 2.4. Na kwenye 2.4 weka chaneli 1, 6 au 11, angalia ipi majirani hawajaijaza. Ukiwa humo badilisha na paswedi, ile ya kwanza imeandikwa chini ya ruta na nusu ya mtaa wameisoma.

Shangazi Mwanaisha: Hapo kwenye paswedi nakuunga mkono. Watoto wa pale barazani kila jioni wanakaa na simu zao wameegemea dirisha letu.

Zuhura: Kaka, ni saa 3 usiku, nimepima tena kama ulivyosema. Kwa waya kabisa, pembeni ya ruta: 16 / 0.4 / 420 ms. Jana ilikuwa 12 ms!

Kaka Idd: Usiogope. Kupakua bado kuko sawa, kupakia kumekufa, ms imeruka. Kuna mtu humo ndani anapandisha mzigo mkubwa. Angalia ukurasa wa ruta, kifaa gani kinakula.

Zuhura: Ni simu ya Baba Mdogo. Lakini iko kwenye chaji, hata haishiki.

Kaka Idd: Ndiyo inavyokuwa. Simu ikichomekwa chaji na ikiona Wi-Fi, inaanza kuhifadhi nakala za picha kwenye akaunti yake. Baba Mdogo, ulirekodi arusi ya Mwanahamisi?

Baba Mdogo Kombo: Yote. Kuanzia kupeleka posa hadi kombe la bwana harusi. Video zaidi ya 300. Jamani nisameheni, sikujua inapanda yenyewe.

Kaka Idd: Hakuna kosa Baba Mdogo, na hizo video tunazitaka sana. Ila zipande usiku wa manane. Zuhura azisimamishe mpaka Alhamisi mchana. Njia ya kupakia ikijaa, kila kitu kinapanga foleni nyuma yake, hata "haloo" moja.

Zuhura: Nimesimamisha. 19 / 18 / 13. Papo hapo.

JUMATANO

Kaka Idd: Sasa la mwisho. 5 ya Wi-Fi inatosha kuzungumza na Rukia, lakini kwa usaili mimi siiamini. Wi-Fi nyuma ya ukuta ule inapanda na kushuka. Nakutumia 25,000, nenda dukani nunua waya wa mtandao mita 20, Cat5e au Cat6, wenye vichwa vyake. Angalia jambo moja: mwambie fundi akukwangulie uzi mmoja kwa kisu. Ukiona nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, uache. Ukiwa mwekundu mpaka ndani, huo ndio wa shaba.

Zuhura: Duka la kwanza nyeupe. Muuzaji akasema yote ni sawa tu. Nimetoka. La pili fundi mwenyewe amekwangua kabla sijamwomba, nyekundu kabisa. Mita 20 kwa 22,000 na vichwa amebana mbele yangu, akavipima, taa zote nane zikawaka.

Kaka Idd: Huyo ndiye fundi. Mshike namba yake.

Baba Mdogo Kombo: Nimepanda mwenyewe darini. Hatukutoboa ukuta wa mzee, tumepita juu, pale pana uwazi kati ya ukuta na mabati. Umeshuka kwenye kona ya kitanda. Nimeubana kwa vibanio kila hatua, hautagusa nyaya za umeme.

Zuhura: Chumbani kwangu, kwa waya, mlango umefungwa: 19.3 / 18.6 / 12 ms. Nimebadilisha seva, ile kompyuta ya mbali tunayopimia, nikachagua ya Nairobi kwa sababu wasaili wako kule: 18 / 17 / 31 ms. Kaka Idd, nimekaa kitandani naangalia tu hii namba.

Kaka Idd: Umefanya la maana kubadilisha seva. Kipimo huchagua chenyewe seva ya karibu, na ya karibu siku zote inakupendeza. Kesho asubuhi weka bando la GB 3 kwenye simu, tayari kwa umeme ukikatika. Saa moja ya video haitazidi hizo GB 3. Na umwambie kila mtu saa 4 hadi saa 5.

Shangazi Mwanaisha: Nimeshatangaza. Atakayefungua video muda huo atanieleza mimi.

ALHAMISI

Zuhura: Nimemaliza! Dakika 47. Haikukatika hata mara moja. Walikuwa watatu, kila mmoja namsikia vizuri, nami nilikuwa najibu bila kurudia. Matokeo wiki ijayo, niombeeni.

Shangazi Mwanaisha: Allahu Akbar. Tunakuombea mwanangu. Familia, mchango unabaki uleule, hakuna kuongeza. Kombo, nitakurudishia za vibanio.

Baba Mdogo Kombo: Hizo ziache, ni haki ya binti yetu.

Bibi (ujumbe wa sauti, umeandikwa na Zuhura): "Rukia yuko wapi? Kama chumba hiki cha mjukuu wangu sasa kinafika Nairobi, basi na Ulaya kitafika. Nimekaa hapa kitini kwake."

Zuhura: Dada Rukia, Bibi ameshavaa mtandio mpya na amenizuia nisiondoke na laptopu.

Dada Rukia (Leicester): Napiga sasa hivi. Msimruhusu ainuke.