Kurushiana mafaili kati ya kompyuta na vishikwambi: tutumie programu ipi?

Mwalimu wa Zamu
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Hapa shuleni tuna kompyuta za Windows, vishikwambi vya sensa ya 2022 ambavyo baadaye tulipewa walimu, na mwenzetu mmoja ana iPad. Tunapeana mitihani ya majaribio, maazimio ya kazi na video za maabara. Tukitumia WhatsApp bando linaliwa kotekote: mimi napandisha, kila mmoja anashusha, na wote tumekaa ofisi moja. Wengine wanatumia Xender, wengine wanasema ni hatari. Ipo programu moja itakayokubali vifaa vyote?

Fundi wa Kata
LocalSend, mwalimu. Haihitaji intaneti. Vifaa vinaonana vikiwa kwenye Wi-Fi moja, hata hotispoti ya simu isiyo na bando inatosha. Ipo ya Windows, Mac, Linux, Android na iPad, ni bure, haina matangazo, na msimbo wake uko wazi kwa anayetaka kuukagua. Kinachokwamisha watu mara nyingi ni Windows: ikiuliza mtandao huu ni wa umma au binafsi, chagua binafsi, la sivyo kompyuta yako haitaonekana. Pia Wi-Fi ya wageni, kama ya hotelini, huwa imewekwa vifaa visionane; hapo washa hotispoti yako mwenyewe. Na jamani acheni kutembeza flashi. Flashi zikitoka steshenari ndizo zinazoua kompyuta za walimu.

Mama Steshenari
Ulianza vizuri, ukamalizia kwa kututukana. Mimi nina steshenari na flashi ndiyo imesomesha wanangu. Virusi wanakuja navyo wateja, siyo mimi. Mtu anachomeka flashi mafaili yote yameshageuka shotikati, namsafishia bure, halafu nje anasema ameambukizwa dukani kwangu.

Kijana wa Kariakoo
Xender kaeni nayo mbali. Wahindi waliifungia baada ya kuikamata inaiba data.

Msoma Habari
Hapana ndugu. Juni 2020 India ilifungia programu 59 za Kichina kwa mpigo, Xender na SHAREit zikiwemo, na TikTok pia. Hiyo ilikuwa wiki mbili tu baada ya askari wao kuuawa mpakani na China, huko Galwan. Sababu iliyotajwa ni usalama wa taifa. Unachokumbuka wewe labda ni Februari 2021, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Trend Micro ilipotangaza matundu ya kiusalama kwenye SHAREit ya Android. Hayo ni mambo mawili.

Kijana wa Kariakoo
Kwa hiyo unawatetea Wachina.

Msoma Habari
Natetea tarehe.

Dada wa Mac
AirDrop ya Apple ipo tangu 2011 na haihitaji hata ruta. Watu mnahangaika kwa sababu ya kununua vifaa vya bei rahisi.

Mwalimu wa Zamu
Dada, vishikwambi hatukununua, tulipewa. Na iPad yetu ni moja, itarusha kwa nani?

Fundi wa Kata
AirDrop ni nzuri kwa Apple na Apple. Kwa Android na Windows kuna Quick Share: ile Nearby Share ya Google iliunganishwa na ya Samsung Januari 2024. Lakini kwa vishikwambi vyenu na Windows, mwenye iPad ataachwa nje, ndiyo maana nimesema LocalSend. Mama, sikukutukana. Ila flashi ina kasoro zake: nyingi zimefomatiwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32, video ikizidi GB 4 inakataa hata kama nafasi ipo tele.

Mama Steshenari
Fomati exFAT, imekwisha. Hilo ninawafanyia wateja kila siku.

Mwalimu Mstaafu
Tatizo la steshenari siyo virusi, ni mitihani. Mwalimu anapeleka mtihani kwa flashi, faili linabaki kwenye kompyuta ya duka, kesho wanafunzi wanao. Nimefundisha miaka mingi, ninajua ninachosema.

Mama Steshenari
Mzee wangu, heshima yako, lakini hapo umenigusa pabaya. Kwangu faili halikopiwi, linafunguliwa humohumo kwenye flashi, linachapwa, linafungwa. Akileta kwa WhatsApp nafuta mbele ya macho yake, nafungua na pipa la taka la kompyuta namwonyesha limebaki tupu. Kopi zilizoharibika namrudishia mkononi azichane mwenyewe. Wanaovujisha ni walimu wenu wanaofundisha tuisheni!

Mwalimu wa Zamu
Mama, walimu wote?

Mama Steshenari
Yule mzee alisema steshenari zote?

Kijana wa Kariakoo
Alisema.

Fundi wa Kata
Kurusha moja kwa moja kunapunguza hilo. Mwalimu anakuja na kishikwambi, anarusha kwenye kompyuta ya mama, flashi haihusiki.

Mama Steshenari
Nimeijaribu hiyo LocalSend jana usiku. Kila kifaa kinajipa jina la kubahatisha, mara embe, mara chungwa. Saa moja asubuhi nina foleni mpaka barabarani, walimu wa shule tofauti wamesimama, kila mmoja na tunda lake. Mtihani ukienda kwa mwingine mtasema nani?

Fundi wa Kata
Majina yanabadilishwa kwenye mipangilio, andika jina la duka lako. Na anayepokea lazima akubali kwanza, haliingii tu.

Mwalimu Mstaafu
Na faili likishapokelewa? Linakaa kwenye kompyuta ya duka vilevile. Afadhali flashi, mtu anaondoka nayo.

Dada wa Mac
Mzee kasema kweli hapo.

Msoma Habari
Kufuta nako siyo mwisho. Zipo programu za kurudisha vilivyofutwa, kwenye flashi na kwenye diski. Kama ni mtihani, weka nenosiri kwenye Word kabla hujatoka ofisini. Faili, Taarifa, Linda Hati. Hapo likivuja halifunguki, liwe limepita kwa flashi, LocalSend au WhatsApp.

Mwalimu wa Zamu
Menyu zangu ziko kwa Kiingereza lakini nimepaona. Na lile la LocalSend nimeshaweka kwenye kompyuta ya ofisi, iPad imeonekana. Kishikwambi kimoja bado kinagoma.

Fundi wa Kata
Kipo kwenye hotispoti ileile?

Mama Steshenari
Nenosiri nakubali, hilo hata mimi linanilinda. Lakini mwalimu akija anitajie kwa mdomo. Msiwe mnaliandika kwenye jina la faili, maana ninayaona kila wiki.