Bujumbura: tumelipa dola, tumerudishiwa faranga kwa bei ya benki. Tumepigwa mchana kweupe!

Wakuu, habari za jioni.

Nimerudi Kigoma juzi na mpaka sasa moyo haujatulia. Naandika haya huku risiti iko mbele yangu.

Mimi na mama watoto tulijibana mwaka mzima ili Disemba ya 2024 twende Bujumbura tupumzike siku tatu. Kwa mtu wa huku si safari ya kutisha. Unapanda hadi Manyovu mpakani, unagonga muhuri, unashuka Nyanza-Lac, Rumonge, halafu ziwa linakaa kushoto kwako mpaka unaingia mjini. Ziwa letu lile lile. Tukaona badala ya kuhangaika na hoteli na usafiri, tulipie kila kitu kwa kampuni moja ya huko huko inayopokea watalii na yenye hoteli yake. Jina silitaji. Dola 480 kwa watu wawili, malazi na matembezi manne: ufukweni, viboko wa mto Rusizi, ngoma za Gishora na jiwe la kumbukumbu la Mugere. Walitaka dola taslimu, na noti yangu moja ya mia waliikataa kwa sababu ina mkunjo. Nikabadilisha, nikalipa.

Ufukwe haukuwepo. Oktoba walinitumia picha ya mchanga na viti chini ya miavuli. Tulichokuta ni viroba vya mchanga vimepangwa ukutani na maji yanapiga hapo hapo. Sasa, mimi ni mtu wa ziwa. Najua limepanda, hata Kibirizi na Ujiji huku Kigoma tumeona. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, na mvua zikizidi hakuna pa kupumulia. Mwezi Mei maji yaliingia mpaka kwenye hoteli na nyumba za kando ya ziwa pale Bujumbura, na Gatumba, jirani na mji, watu walihama makwao. Silaumu ziwa. Ninayemlaumu ni mtu anayenitumia picha ya ufukwe miezi mitano baada ya ufukwe wenyewe kwenda na maji, kisha ananidai dola.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya Gishora. Hizo ngoma ndizo zilizomtoa mke wangu nyumbani. Tangu mdogo anasikia habari za ngoma za kifalme za Burundi, zile UNESCO waliziingiza kwenye orodha yao mwaka 2014. Gishora iko karibu na Gitega, kilomita 100 hivi za kupanda milima kutoka Bujumbura. Saa kumi na mbili asubuhi tumevaa, tumekaa mapokezi. Saa nne ndiyo anakuja kijana, kichwa kainamisha: "Papa, mafuta hakuna."

Wakuu, uhaba wa mafuta Burundi haukuanza wiki iliyopita. Ni miaka. Tumeona kwa macho foleni za magari yaliyozimwa kwenye sheli, madereva wamelala ndani, wengine siku ya tatu hapo. Hao ninawaonea huruma. Lakini anayeishi katika hali hiyo kila siku, akakuuzia safari ya kwenda na kurudi Gitega huku akijua hana hata lita moja akibani, huyo hakupatwa na bahati mbaya. Alikuuzia kitu ambacho hana. Rusizi nayo ikafa hivyo hivyo, wakaongezea kwamba njia imejaa maji.

Mafuta ya kwenda Mugere yakapatikana, kwa sababu ni hapo tu kusini mwa mji, kwenye barabara ile ile tuliyokuja nayo na basi. Tunafika kwenye jiwe, mtembezaji anatuambia kwa sauti kubwa kwamba hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Mbele ya mtu aliyezaliwa Ujiji! Nikamwambia, kijana, soma hilo jiwe lako: limeandikwa tarehe 25 Novemba 1871. Walikuwa wameshakutana Ujiji kwetu wiki kadhaa nyuma, ndipo wakapanda mtumbwi pamoja kuja kaskazini kuangalia kama Rusizi inatoka ziwani au inaingia. Wakakuta inaingia. Hapo Mugere walilala tu. Hiyo peke yake ni habari nzuri ya kumsimulia mgeni, kwa nini umuuzie ya uongo?

Haya yote ningeyameza. Ninachoshindwa kumeza ni hesabu.

Usiku wa kwanza tulikula pale hotelini, bili ikaja faranga 87,000. Nikatoa faranga nilizobadilisha njiani. Dada wa mapokezi akazirudisha: "Hapa wageni wanalipa dola." Akapiga hesabu kwa bei ya benki, dola moja faranga 2,900, nikatoa dola 30. Wanaoijua Buja wanaelewa maana yake. Mtaani wakati huo dola moja ilikuwa inakwenda faranga 7,000 na zaidi. Kwa dola 30 zile ningeshika faranga 210,000, tungekula pale mara mbili na chenji ikabaki.

Basi nilipodai hela ya Gishora na Rusizi, wakakubali bila ubishi, nikashangaa. Walikadiria dola 160. Nikakaa kusubiri dola zangu. Wakaniletea bahasha ya faranga 464,000! Nauliza hii nini, naambiwa ndiyo dola 160 kwa bei ya benki, na bei ya benki ndiyo bei halali. Ungezigeuza faranga hizo kuwa dola kwa bei ya mtaani ya siku hizo usingepata hata 67. Dola zaidi ya 90 zimeyeyuka mezani huku nimekaa nazitazama.

Nikasema sawa, basi chakula cha leo nalipa kwa faranga hizi mlizonipa wenyewe saa hii. Wakakataa. "Wageni dola, papa."

Mke wangu alilia. Si kwa sababu ya ngoma tena.

Tukatoka tukachukua teksi hadi Buyenzi, mtaa wa Waswahili, na niseme haki: watu wa Bujumbura sina ugomvi nao. Mama mmoja anayechoma samaki alitukaribisha kwa Kiswahili safi, akatupa mukeke, yaani mgebuka wetu, na ndizi za kukaanga. Alipokea faranga zetu na kurudisha chenji hadi noti ya mwisho. Mbele yake sikuwa mgeni wala dola inayotembea. Dereva wa teksi alikuwa amepanga foleni siku mbili kupata mafuta aliyotuendeshea, na bado hakutupandishia bei kwa kusikia lafudhi yetu. Burundi tuko nao Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Mama wa samaki anaijua hiyo jumuiya kuliko wenye hoteli.

Manyovu wabadilisha fedha waliziangalia zile faranga kama karatasi za kufungia maandazi. Nimerudi nazo laki tatu na kitu, ziko kabatini. Mwenye safari ya kwenda Buja wiki hizi anitafute faragha, nitamwachia kwa bei ya mtaani, siyo ya benki.

Na aliyewahi kudai dola zake huko akarudishiwa dola, aniambie alianzia wapi. Risiti ninayo, imeandikwa dola 480, na sahihi yao iko chini.