Tupeane uzoefu: tairi kubwa za tope kwenye pikipiki ya miguu minne, zinalipa au zinakula hela tu?

Mwenye uzi, Usa River

Wakuu, poleni na mvua. Naomba wachangie walioziendesha kwa mikono yao, maana kuna vijana watatu kijijini kwetu wanataka kununua na wote wananiuliza mimi.

Nina ATV (hiyo pikipiki ya miguu minne) ya cc 420 niliyoinunua miaka minne iliyopita kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Kazi yake ni maziwa. Alfajiri napanda hadi juu ya Nkoaranga kukusanya madumu, kisha nashuka nayo hadi lami. Kiangazi sina shida nayo. Ikiingia Machi ile njia inakuwa sabuni. Aprili mwaka juzi niliteleza nikamwaga lita 60 mtaroni, maziwa ya watu, na yote nililipa mimi. Ndipo nikatoa tairi za inchi 24 zilizokuja nayo, nikafunga za tope za inchi 27, zile zenye kashata (meno ya tairi) ndefu kama vidole. Zote nne zilikula bei ya ng'ombe wawili wa kienyeji.

Wiki ya kwanza nilifurahi kweli. Kwenye kijito kinachokatiza njia, pale ninapokingojea kipungue kila mvua ikinyesha, nilipita bila kusimama. Tumbo lilikuwa limepanda kama sentimita 4. (Wengi wanadhani tairi ikikua inchi 3, chombo kinapanda inchi 3. Kinapanda nusu yake tu, kwa sababu nusu nyingine ya ukuaji iko juu ya ekseli.)

Shida ikaanza kwenye mlima. Tairi ya inchi 24 ikizunguka mara moja inakwenda takriban sentimita 191. Ya 27 inakwenda 215. Injini ni ileile, gia ni ileile, ila kila mzunguko unadaiwa hatua ndefu zaidi kwa asilimia 12 na ushee. Ya kwangu haina gia nzito ya mlima, namba moja ndiyo mwisho. Na huku kwetu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Arusha mjini tu ni karibu mita 1,400. Nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu sikuwahi kuwa nayo hata siku moja, halafu nikaipunguza tena kwa tairi. Nikiwa na madumu sita nyuma, ile kona ya mwisho napanda kwa namba moja, injini inalia, feni haizimi.

Nilizipima kwenye mzani wa kituo cha maziwa. Ya zamani pamoja na rimu yake kilo 13, mpya kilo 20. Mara nne ni kilo 28 za ziada, na uzito huo hauko kwenye kiti, unazunguka.

Lakini kilichonifumbua macho ni tope lenyewe. Siku moja nilishuka nikalichoma kwa fimbo ya mchungaji. Vidole vitatu tu, nikagonga kigumu. Nikaenda mbele hatua ishirini, vilevile. Tope letu la mlimani ni utando juu ya ardhi ngumu. Tairi nyembamba inaukata ule utando na kugusa chini. Ile pana ilikuwa inaelea juu yake, hasa kwenye kona ya kushuka, na nyuma inataka kutangulia mbele. Zile tairi zilibuniwa kwa watu wa mahali kama Louisiana kule kusini mwa Marekani, kwenye vinamasi, ambako watu huingia kwa starehe kwenye tope linalofika kwenye kiti. Mimi nina maziwa ya watu nyuma.

Nauliza: nani zimemlipa, mahali gani, kwa kazi gani?

Mdau, Chekereni, Moshi

Mkuu, mimi zimenilipa na sizitoi.

Huku tambarare tope ni jingine. Ni ule udongo mweusi wa mbuga, kiangazi unapasuka nyufa unaweza kuingiza mkono, ukipata maji unakuwa ugali. Ukichoma fimbo yako hapa inazama yote. Nazungukia mifereji ya mpunga kila siku, kabla ya hapo nilikuwa natembea kwa miguu na gamboti, mguu mmoja unautoa, mwingine unabaki na kiatu chake. Na tairi za kawaida ATV ilikuwa inakwama mara mbili kwa wiki. Udongo ule unajaza kashata fupi mpaka tairi inakuwa kama chapati, haina jino hata moja.

Tairi ya tope nzuri ina nafasi kubwa kati ya kashata na kashata ili ikizunguka ijirushie udongo yenyewe. Kwa hiyo mtu akienda dukani asiangalie ukubwa kwanza, aangalie nafasi. Nimeona za inchi 28 zilizobanana kashata ambazo hapa hazifiki hata mfereji wa pili.

Wakulima wa mpunga tunalijua hili tangu zamani kwenye pawatila, yale matrekta madogo ya kushika kwa mkono. Shambani unafunga magurudumu ya chuma ya vizimba, yanashika chini kabisa. Ukitaka kwenda barabarani unayafungua unarudisha ya mpira. Hakuna anayeshangaa kwamba kila ardhi ina gurudumu lake.

Ila nikuonye kitu kimoja. Ukiona haisogei, achia mafuta hapohapo. Tairi hizi zinachimba kama ngiri. Ukiendelea kukanyaga, sekunde tano tu chombo kimekaa tumbo, magurudumu yote manne yanazunguka hewani ndani ya uji, na hapo unaita watu wenye kamba.

Mdau, Kibosho (daktari wa mifugo)

Kaka mwenye uzi, nimesoma pale uliposema nyuma inataka kutangulia mbele, nikakumbuka usiku mmoja ambao sitaki urudi.

Niliitwa kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, nikamaliza kama saa tatu usiku, mvua inanyesha. ATV ilikuwa na miezi miwili tangu nifunge tairi za inchi 28, zilizokuja zilikuwa 25. Kwenye kushuka nikaona siisikii injini ikinizuia kama zamani. Nilikuwa nimezoea kuachia mafuta tu, yenyewe inanguruma na kushuka taratibu. Safari hii inakwenda, inakwenda. Nikashika breki, zikashika kwa uvivu. Nikaukosa mfongo (mfereji wa maji wa wazee) kwa kiasi cha hatua moja, nikasimama kwenye migomba ya mama mmoja ambaye alitoka na taa akidhani ni mwizi. Alinipa chai. Mikono ilikuwa inatetemeka, kikombe nikakishika kwa yote miwili.

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi. Njia zetu za vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani, ni nyembamba, mahali pengine ni ukingo wa mfongo wenyewe. Kashata zile zinakwangua kingo. Baada ya masika moja, wazee walikuja kwangu kwa heshima wakanionyesha maji yanavyovuja mahali ninapopita kila siku. Mfongo ule umechimbwa na babu zao kwa mikono, na maji yake yana zamu. Niliumia. Nililipa vijana wakajaza mawe na udongo.

Nimerudisha 25. Siku za utelezi nafunga minyororo magurudumu ya nyuma, kama pikapu za huku juu zinavyofanya miaka yote. Nashuka nayo polepole sana, nikifika pagumu nafungua. Ni dakika kumi na mikono michafu, lakini inauma chini.

Mdau, Monduli

Mimi natembeza wageni, vumbi na miiba ya migunga miezi tisa kwa mwaka. Za tope nilijaribu, mikono ya wageni ilikufa ganzi kwa mtetemeko kwenye njia ngumu. Kilichonisaidia ni ubavu mnene, siyo kashata. Tafuteni zilizoandikwa 6 ply (nguvu ya tabaka sita), ukubwa uleule wa kiwandani. Pancha zimepungua sana.

Fundi, Unga Limited, Arusha

Nimesoma wote, nashukuru. Dada daktari, ulichokipata si bahati mbaya. Breki haikuongezeka ukubwa, tairi imeongezeka. Ni kama kumzuia mtu anayesukuma mlango: akishika mbali na bawaba, anakushinda. Na ule mngurumo wa kukuzuia ulipungua kwa sababu injini sasa inazunguka mara chache zaidi kwa mwendo uleule. Anayeongeza tairi aanze na breki, pedi mpya na mafuta mapya ya breki, kabla hajafurahia tope.

Ninachokipokea gereji baada ya tairi kubwa kiko hivi. Kinaanza na raba za ekseli kuchanika, mchanga unaingia kwenye kifundo, usiposikia mapema ile ta-ta-ta ukikata kona, ekseli nzima inakufa. Zinafuata beringi za magurudumu na vichwa vya tairodi (vyuma vya usukani). Kwa zinazotumia mkanda badala ya gia, mkanda unaungua. Ukinusa harufu ya mpira ukiwa mlimani, simama, usiseme nitafika tu. Hizo zinaweza kusaidiwa kwa kubadilisha springi na vizito vya klachi, na mwenye gia ya L, ile nzito ya mlima, aitumie kila penye tope na mlima, asione aibu. Mwenye uzi hana gia hiyo, ndiyo maana ameteseka zaidi.

Mnapojaribisha tairi dukani, kaeni watu wawili juu, kata usukani wote kulia, wote kushoto. Ikigusa madigadi hapo, njiani itakula plastiki.

Na upepo. Hivi vyombo vinatembea na upepo wa psi 5 hadi 7 hivi, angalia kitabu chako. Kijiwe cha pancha kina geji ya magari, kwa upepo mdogo hivyo haikuambii kitu. Nimepokea ATV imejazwa 20, ngumu kama mpira wa kikapu, mwenyewe analalamika kwamba tairi mpya zinateleza. Mwenye uzi, wewe ulikuwa unajaza kiasi gani?

Mwenye uzi, Usa River

Fundi, shikamoo. Nimekwenda kupima leo kwa geji ndogo niliyoazima kwa jirani mwenye baiskeli za wageni. 14, zote nne. Nimekuwa nikijaza kijiweni kwa kubonyeza na kidole gumba. Kwa hiyo sehemu ya ule utelezi ni kosa langu, na niliyoyaandika juu kuhusu tairi pana kuelea inabidi myasome mkijua hilo. Nimeshusha hadi 6, nimepanda asubuhi hii. Kona ya kushuka imetulia kuliko ilivyowahi kuwa na 27. Kupanda ni kulekule, injini inalia.

Dada daktari, asante kwa habari ya mfongo. Huku kwetu pia kuna mfereji wa wazee ninaupita kila siku na sijawahi kushuka kuutazama. Kesho nitashuka.

Mdau, Himo

Je, ukifunga kubwa nyuma tu, mbele ukaacha za zamani? Nyuma ndiko kunakosukuma.

Fundi, Unga Limited, Arusha

Usijaribu kwenye ya kuvuta miguu yote minne. Mbele na nyuma vimeunganishwa, uwiano wa mizunguko umepangwa kiwandani. Ukibadilisha upande mmoja, ukiingiza nne kwa nne kwenye ardhi ngumu zinaanza kugombana ndani, na ugomvi huo unamalizikia kwenye difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu).

Mwenye uzi, kwa njia yako mimi ningefunga 25 zenye kashata za wastani, upepo 6, na minyororo ya dada iwe kwenye boksi la nyuma. Hizo 27 usiziuze kwa hasara. Yule wa Chekereni au jirani yake atazitaka kabla ya Machi. Jumatatu shuka na chombo baada ya kupeleka maziwa, kitakuwa hakina mzigo, nitazame kwanza raba za ekseli.