Wamepaka misalaba myekundu kwenye kuta zetu komini ya Kenya: tramu gani hii isiyo na hata barua moja?

Ndugu zangu wa Lubumbashi, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Jumanne saa mbili asubuhi vijana wanne wenye jileti za rangi ya chungwa waliingia kwenye avenyu yetu hapa Kenya (kwa walio mbali: Kenya ni komini, yaani sehemu moja ya mji wetu, msifikirie ile nchi). Wawili walibeba kile chombo cha kupimia chenye miguu mitatu, mmoja alishika daftari, wa nne alikuwa na ndoo ya rangi nyekundu na brashi. Hawakubisha hodi. Mama yangu alikuwa uani anachambua maharagwe. Akasikia kitu kinakwaruza ukuta upande wa barabara, akatoka, akakuta msalaba mwekundu mrefu kama mkono wangu, chini yake namba 47, na rangi inachuruzika mpaka kwenye kizingiti.

Akauliza wanafanya nini. Yule wa brashi akamjibu: "Mama, usiogope. Siye tuko natumika tu. Ni tramu itapita hapa. Uliza bakubwa."

"Bakubwa gani?"

"Bale ba mjini."

Wakahamia kwa jirani. Mpaka saa nne walikuwa wamefika mwisho wa avenyu. Nimehesabu mwenyewe jioni nilipotoka kazini: kuta 23, vibanda 9, na muembe mmoja. Hata muembe wameupaka! Chini ya muembe huo ndipo mama mmoja anauza makala (mkaa) tangu mimi niko shule ya msingi.

Sasa nataka mnielewe vizuri, maana kuna watu tayari wananiambia kwamba napinga maendeleo. Mimi ni mtoto wa mtu wa reli. Baba yangu, Mungu amrehemu, alifanya kazi ya reli miaka 31. Alikuwa katika kikosi cha kukagua njia: asubuhi anashika nyundo yake yenye mpini mrefu, anatembea juu ya mataruma kilomita kwa kilomita, anagonga reli na kusikiliza mlio wake, anakaza bolti zilizolegea, anaondoa majani kwenye mitaro ili maji yasikae chini ya kokoto. Alituambia mara nyingi kwamba reli haiuawi na uzito wa treni. Inauawa na maji na uzembe. Mji huu wenyewe ulizaliwa na reli. Treni ya kwanza ilifika hapa 1910 ikitokea kusini, na mji ukaota kandokando yake. Mtu wa nyumba yetu hawezi kuichukia reli.

Ninachokichukia ni rangi kuja kabla ya barua.

Nilikwenda komini Jumatano. Nikaambiwa niende kwenye ofisi nyingine mjini. Nikaomba ruhusa kazini Alhamisi, nikaenda mjini, nikakaa kwenye benchi kuanzia saa tatu mpaka saa saba na nusu. Bwana mmoja akatoka, hakuniuliza hata jina, akasema mradi bado unachunguzwa. Nikamuuliza: kama bado unachunguzwa, kwa nini ukuta wetu una namba? Akasema namba ni ya kuhesabia tu. Nikamwomba ramani, nione njia inapita wapi. Hakuna. Nikamwomba karatasi yoyote yenye muhuri. Hakuna. Nikamuuliza jina la kampuni iliyotuma wale vijana. Akaniambia nirudi wiki ijayo, akafunga mlango. Kwa hiyo mpaka leo tunachokijua ni maneno ya barabarani: eti itatoka komini ya Ruashi, ipite mjini, ishuke Kenya mpaka komini ya Katuba. Wengine wanasema itapita nyuma ya soko, wengine katikati ya soko. Mpangaji wetu wa chumba cha nyuma ameshaanza kutafuta nyumba kwingine. Mteja aliyekuwa anataka kununua parseli (kiwanja) ya jirani amerudisha maneno yake. Tramu haijaleta hata msumari mmoja, na tayari imetula.

Na sheria ipo. Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu si kwamba nchi yetu haikuandika kitu. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 34, inasema mali ya mtu ni takatifu, na serikali haiwezi kumnyang'anya mtu isipokuwa kwa faida ya umma, na fidia iwe ya haki na ITANGULIE. Itangulie, ndugu zangu! Si kuvunja leo halafu kufukuzana na malipo miaka kumi. Kuna pia sheria namba 77-001 ya tarehe 22 Februari 1977, ambayo kazi yake ni hii tu, kueleza namna ya kumtoa mtu kwenye mali yake: lazima uamuzi uandikwe, utangazwe, mwenye mali aletewe barua, na akishaipokea awe na mwezi mzima wa kutoa malalamiko yake. Onyesheni barua ya mama yangu iko wapi. Onyesheni hata ya huyo wa namba 12, au ya 30. Mwezi wetu wa kulalamika unaanza kuhesabiwa lini kama hakuna aliyepokea kitu? Tangu siku ya brashi?

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii mpaka siku mashine imefika mlangoni. Ni wangapi kati yetu wana sertifika ya ardhi kamili, ile hati ya umiliki? Kwenye cité hizi za zamani, mitaa waliyotengewa Waafrika, watu wengi wana fishi tu, ile karatasi ya parseli, au kile kitabu cha zamani ambacho mzee aliacha kwenye sanduku, au karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) na mashahidi wawili. Wenye tramu watakuja na sheria ya ardhi ya 1973, watasema: bila sertifika wewe si mwenye ardhi, chukua hela kidogo ya matofali, uende. Mama ana fishi tu. Baba alianza kufuatilia sertifika, akafa mafaili yakiwa ofisini. Nyumba ile aliijenga chumba kimoja kimoja, kuanzia 1984 mpaka 1991, kila mshahara ukiingia anatoa kwanza hela ya matofali na saruji, kinachobaki ndiyo bunga (unga). Tulikula bukari (ugali) na mboga ya lengalenga ili ukuta upande. Sasa huo ndio ukuta wenye namba 47.

Na wapangaji je? Na mama wa makala? Na fundi wa baiskeli, na yule anayechaji simu kwa betri? Hao hawana karatasi yoyote. Katika daftari la yule kijana wameandikwa wapi?

Watu wa mji huu tumeshahamishwa kabla ya leo. Wazee wanajua. Cité ya kwanza ya Waafrika ilikuwa karibu na mji wa Wazungu, ikavunjwa, watu wakasukumwa miaka ya 1920 kule ambako leo tunaita Kamalondo, katikati wakaacha ukanda mtupu ili sisi tukae mbali nao. Nani aliulizwa siku hizo? Hakuna. Wakoloni hawakuwa na haja ya kuuliza. Lakini hawa wa leo wanatuomba kura!

Tuje kwenye tramu yenyewe. Tramu inakula umeme. Mnaoishi Kenya, Katuba, Ruashi, semeni wenyewe: wiki iliyopita mlikuwa na umeme siku ngapi? Kwetu usiku mbili. Tunapika kwa makala, tunasoma kwa tochi ya simu. Laini kubwa ya umeme ya kutoka bwawa la Inga inakuja mpaka Katanga, karibu kilomita 1,700 za nyaya, tangu 1982, inapita juu ya vijiji vyenye giza, na ikifika huku inalisha migodi kwanza. Migodi yenyewe inalia kuwa umeme hautoshi, inanunua mwingine Zambia. Basi hiyo tramu itakula umeme wa nani? Ikisimama katikati ya njia na watu mia mbili ndani, itasukumwa na manseba wa pikipiki?

Addis Ababa walijenga. Ilifunguliwa 2015, zaidi ya kilomita 30, dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa China, treni 41. Wale wana umeme kuliko sisi. Miaka michache baadaye treni nyingi zilikuwa zimesimama kwenye gereji kwa kukosa vipuri. Deni halisimami.

Na sisi hizi reli tulizonazo tumezifanyia nini? Machi 2022, kule Buyofwe katika mkoa wa Lualaba, treni ya mizigo iliyobeba watu ilianguka, wakafa watu 75. Walipanda juu ya mabehewa ya mizigo kwa sababu hawakuwa na usafiri mwingine. Baba angekuwa hai angelia siku ile. Watu hawa hawa walioshindwa kukaza bolti za reli iliyokuwepo tangu enzi za babu zetu, leo wanataka tuwaamini na reli mpya inayopita mbele ya milango ya watoto wetu?

Mtu wa Katuba anayefanya kazi mjini anahitaji nini? Anahitaji basi inayofika kwa saa, isiyobeba watu watano kwenye kiti cha watatu. Anahitaji barabara isiyogeuka mto kuanzia Novemba. Kwenye avenyu yetu kanivo (mtaro wa maji) imeziba miaka sita. Mvua ikinyesha mama anaweka mifuko ya mchanga mlangoni. Anahitaji kivuko ambapo gari la mgodi halitamkanyaga mtoto. Reli ya zamani ipo, inakatiza mji, mahali pake hapahitaji kuvunja nyumba hata moja: mbona hatusikii mtu akisema treni ya wafanyakazi ipite hapo asubuhi na jioni? Kwa treni hiyo ningekuwa wa kwanza kununua tiketi.

Ninachotaka si kikubwa. Ramani ibandikwe kwenye ukuta wa komini, kila mtu aione. Barua kwa kila nyumba yenye namba. Wapangaji na wachuuzi wahesabiwe kwa majina. Na asivunjiwe mtu hata bati moja kabla hela haijafika mkononi mwake.

Jana kijana wa jirani alikuja na petroli na kitambaa ili aufute msalaba wetu. Mama alimkataza. Alimwambia auache hapo hapo, ni ushahidi, halafu akavuta kiti chake akaketi chini ya ile namba mpaka jioni.

Kwa hiyo msifute. Pigeni picha, namba ionekane, mlango uonekane, na mwandike siku na saa mlipoikuta. Mwenye fishi, mwenye sertifika, mwenye karatasi ya mauzo, atoe nakala mbili, moja aiache kwa ndugu anayekaa komini nyingine. Kuna mwanasheria mmoja mtoto wa hapa hapa amekubali kutusikiliza bila malipo. Jumamosi hii saa tisa alasiri, uani kwetu, mtauona ule msalaba toka mbali. Kila mtu aje na kiti chake, vyetu havitatosha.