Majimoto wekundu na majimoto wa kahawia: ni spishi mbili au moja?

Mkulima wa Mkuranga

Salaam kwenu nyote. Nina shamba dogo la minazi wilayani Mkuranga, na kwa misimu miwili sasa vidaka vinadondoka kabla ya kukomaa, vikiwa na makovu yenye utomvu ulioganda. Bwana shamba aliyevitazama alisema kwamba hiyo ni kazi ya kunguni wa minazi, Pseudotheraptus wayi, akanishauri nisikimbilie dawa bali nipandishe majimoto, wale sisimizi wanaoshona majani kuwa viota, kwenye minazi yangu, kwa sababu wao humwinda kunguni huyo. Ushauri huo niliupokea kwa moyo mmoja, lakini nilipokwenda kutafuta viota kwa jirani nilijikuta sijui ninachokichukua.

Kwenye mwembe wa kwanza kuna viota vya majani mabichi yaliyoshonwa kwa utando mweupe, na wakazi wake ni wekundu wa kuelekea rangi ya chungwa. Mwembe wa pili, ulio hatua kama ishirini kutoka pale, una viota vya namna hiyo hiyo, ila wadudu wake ni wa kahawia iliyokolea. Nilikata tawi la wekundu nikaliegemeza kwenye mwembe wa kahawia, wakashikana papo hapo: wanne au watano walimkamata mmoja, kila mmoja akivuta mguu wake, mpaka akanyooka kama uzi. Nimechukulia kwamba vita hivyo vinathibitisha kuwa ni spishi mbili. Isitoshe, nilipopasua kiota kimoja cha wekundu nilikuta ndani yake wengine wadogo sana, nusu ya wenzao, nikadhani ni aina ya tatu iliyojihifadhi humo.

Mwisho kuna mkorosho wenye donge jeusi tawini, mfano wa karatasi iliyolowa ikakauka, na sisimizi weusi wanaoinua matako yao juu ukiwagusa. Watu wa hapa huwaita wote majimoto. Kitabu kimoja nilichoazima kinataja Oecophylla longinoda, kingine kinasema Oecophylla smaragdina. Naomba mnielekeze ni yupi hasa ninayemtafuta, na nimtambueje bila kutegemea rangi.

Lenzi ya Mkono

Ndugu mkulima, umeuliza jambo la msingi, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kuhamisha chochote. Anza kwa kuiweka rangi kando kabisa. Majimoto wa Afrika hubadilika rangi kutoka njano ya chungwa hadi kahawia iliyokolea, na hata ndani ya koloni moja, yaani jamii moja ya sisimizi, aliyetoka karibuni kwenye pupa (hatua kati ya buu na mdudu kamili) huwa amepauka kuliko dada zake wakubwa. Wataalamu wa zamani waliwahi kuzipa baadhi ya rangi hizo majina ya pekee, lakini leo zote huhesabiwa kuwa spishi moja.

Kinachoaminika ni kiuno. Mkamate mmoja, mweke juu ya karatasi nyeupe, umtazame kwa ubavu ukitumia lenzi inayokuza mara kumi. Kati ya kifua na tumbo utaona kipande kimoja tu, kirefu, chembamba, kilicholala chini badala ya kusimama kama kigamba. Jina longinoda limetokana na Kilatini likiwa na maana ya fundo refu, na fundo hilo ndilo unaloliangalia. Kisha tazama taya: ni refu, na ukingo wake una meno kumi au zaidi. Papasi, yaani kipembe cha kichwani anachopapasia, ina vipande kumi na viwili. Mwisho mchokoze kwa njiti, naye atalipinda tumbo lake juu ya mgongo kama nge. Hana mwiba wa kudunga, kwa kuwa yumo katika nusufamilia ya Formicinae, ambayo badala ya mwiba ina tundu dogo kwenye ncha ya tumbo la kurushia asidi ya fomiki. Yeye hung'ata kwanza, kisha hulirushia jeraha asidi hiyo, na aliyewahi kukwea mwembe wenye viota vyake haulizi kwa nini wazee walimwita maji moto.

Wale wadogo wa ndani ya kiota si wageni. Wafanyakazi wa Oecophylla wako wa vimo viwili: wakubwa wenye urefu wa milimita nane hadi kumi hivi, ambao huwinda, hulinda na kushona, na wadogo wenye karibu nusu ya urefu huo, ambao kwa kawaida hubaki ndani wakiwatunza mabuu. Anayeokota vielelezo kwenye shina tu hupata wakubwa peke yao, na siku akipasua kiota huona kama amegundua spishi nyingine. Mgawanyo huo ni wa kale mno. Katika Kisiwa cha Mfangano, Ziwa Viktoria upande wa Kenya, yalipatikana mabaki ya koloni ya majimoto wa zama za Miosini, mamilioni ya miaka iliyopita, yenye wafanyakazi wa vimo viwili, na mwaka 1964 wataalamu wa sisimizi Wilson na Taylor wakaipa spishi hiyo iliyotoweka jina la Oecophylla leakeyi. Kila nikiwatazama wale wadogo huwaza kwamba kazi za nyumba hiyo ziligawanywa kabla hajakuwapo mtu wa kuzitazama.

Kuhusu majina mawili, hizo ndizo spishi mbili zinazojulikana zaidi kati ya zinazoishi leo katika jenasi hii, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu. Mtaalamu wa wadudu Fabricius aliieleza ile ya Asia mwaka 1775 akaiita Formica smaragdina, na mwenzake Latreille akaieleza ya Afrika mwaka 1802 kwa jina la Formica longinoda. Mwaka 1860 Frederick Smith aliunda jenasi Oecophylla, jina lililojengwa kwa maneno ya Kigiriki ya nyumba na jani, ndiyo maana leo tunaandika Oecophylla longinoda (Latreille, 1802): mabano hayo yanaonyesha kwamba mwandishi wa kwanza aliiweka spishi hii katika jenasi nyingine. Baadhi ya maandishi ya zamani yalimhesabu huyu wa kwetu kuwa tawi la smaragdina, na pengine kitabu chako cha pili kimefuata njia hiyo, au kilizungumzia mashamba ya Asia. Spishi hizo hazikutani kiasili, kwani moja ni ya Afrika ya kitropiki na nyingine inaanzia India hadi kaskazini mwa Australia, kwa hiyo jina sahihi kwa Mkuranga ni longinoda.

Yule wa donge jeusi kwenye mkorosho ni sisimizi wa jenasi nyingine, Crematogaster, kwa maelezo yako. Kiuno chake kina vipande viwili, cha pili kimeungana na tumbo kwa upande wa juu, na tumbo lenyewe ukilitazama kutoka juu lina umbo la moyo. Mwache alipo.

Mwana wa Bukoba

Naongeza mmoja ambaye wakulima wa kahawa humchanganya na majimoto. Ni mwekundu wa machungwa, naye hukaa kwenye majani, lakini kiota chake ni vipande vya mimea vilivyogandishwa upande wa chini wa jani, si majani yaliyoshonwa pamoja. Huyu ni Tetramorium aculeatum. Ana viungo viwili kiunoni, miiba miwili mirefu nyuma ya kifua, na hudunga kwelikweli. Vilevile wapo sisimizi wa jenasi Polyrhachis, ambao baadhi yao hushonea viota hariri inayotolewa na mabuu, kama wafanyavyo majimoto, ila fundo la kiuno chao lina miiba. Na kabla ya yote hesabu miguu, kwa maana wako buibui wanaofanana na majimoto kwa umbo na mwendo, na mimi mwenyewe nimewahi kumtia mmoja chupani nikaja kugundua nyumbani kwamba ana miguu minane.

Mkulima wa Mkuranga

Nawashukuru sana. Jana jioni niliazima lenzi nikawapanga sita mezani, watatu wekundu na watatu wa kahawia. Wote wana kiuno kile kile cha kipande kimoja kirefu, na wote walipinda tumbo mgongoni nilipowagusa. Mmoja wa kahawia alitoa tone dogo linalong'aa kwenye ncha ya tumbo, na harufu yake kali ikanipanda puani kama siki. Meno sikuweza kuyahesabu hadi mwisho, lakini nilifika tisa kabla hajajigeuza. Kama hawa ni spishi moja, mbona walipigana vile?

Lenzi ya Mkono

Walipigana kwa sababu ni koloni mbili. Majimoto hutambuana kwa harufu ya koloni, na jirani wa spishi yao wenyewe ni adui mkubwa, kwa kuwa anataka miti ile ile na chakula kile kile. Kwa hiyo vita haviwezi kutumika kutenganisha spishi, bali ni kipimo kizuri sana cha kutenganisha koloni. Tumia kipimo hicho kuchagua viota vyako: chukua mmoja kutoka kila kiota unachokusudia kukihamisha, wakutanishe kwenye kijiti, na wakigusana papasi kisha kila mmoja akaendelea na safari yake, ujue ni wa nyumba moja. Koloni moja hutawanya viota vingi katika miti kadhaa huku malkia akiwa katika kimoja tu, hivyo ukichanganya viota vya wekundu na vya kahawia katika mnazi mmoja watamalizana wao kwa wao kabla ya kumfikia kunguni. Chunguza pia chini ya minazi yako. Ukikuta sisimizi wadogo wa ardhini ambao baadhi yao wana vichwa vikubwa kupita kiasi, wenye viungo viwili kiunoni, huenda ni Pheidole megacephala, ambaye huwafukuza majimoto minazini.

Kabla ya kuhamisha, weka wakubwa watano na wadogo watano wa kila koloni katika chupa ya spiriti. Andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi kijiji, tarehe, aina ya mti na rangi waliyokuwa nayo wakiwa hai, kisha ukitumbukize kipande hicho ndani ya chupa hiyo hiyo, kwa sababu spiriti hufuta wino na lebo ya nje hubanduka.