Waliokufa 27 Agosti 1896: wawekewe siku yao?

Mshangani: Waongoza watalii wakifika Beit al-Sahel, kasri la zamani la masultani pale Mizingani, Unguja, husema “vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38”. Wageni wanacheka, wanapiga picha, wanahamia kwenye juisi ya miwa. Asubuhi ile manowari za Waingereza zilipolipiga mizinga kasri la Sultani wa Zanzibar, waliuawa na kujeruhiwa watu kama 500 upande wetu. Waingereza, baharia mmoja kajeruhiwa. Serikali iweke siku ya kuwakumbuka, au tuendelee kuchekwa?

Kipanga_Boy: Kumkumbuka nani? Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani bila ridhaa ya Waingereza, kisha akawaacha wenzake vifusini akakimbilia kwa Wajerumani?

Bint Malindi: We kijana, koma. Manowari tano ziko mbele ya dirisha lako, ungebaki? Hakuwa mwoga yule. Mwaka 1893 alishalishika kasri akatolewa, na Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki akarudi tena. Mwoga harudi.

Kipanga_Boy: Mwoga harudi, mwenye tamaa hurudi. Mbona kuondoka aliondoka bila kukanyaga mchanga? Maji yamejaa, mashua ya Wajerumani inafika mpaka langoni kwa konseli wao, bwana anapanda, huyo Dar es Salaam!

Mzee wa Baraza: Angekanyaga angekamatwa, mjukuu wangu. Waingereza walikuwa wanamngojea nje. Walimtia mkononi 1916, akafia St Helena.

Bint Malindi: Shikamoo mzee. Alifia Mombasa, 1927.

Mzee wa Baraza: Marahaba. Mombasa, St Helena, kwao si kwao.

Chumbageni: Mnamlilia bwana mkubwa tu. Mle ndani walijaa watumwa na watumishi, wamepewa bunduki walinde kiti cha mtu. Dua waombewe hao. Na Sultani Hamoud, aliyewekwa na Waingereza siku ileile, ndiye aliyefuta utumwa 1897.

Bint Malindi: Alifuta au alifutishwa? Masuria waliachwa utumwani mpaka 1909, mbona hilo huliandiki? Watu wa Bara mkisikia Unguja mnaona minyororo tu.

Chumbageni: Bara imeingiaje hapa? Bibi yangu mzaa mama Mpemba.

Kipanga_Boy: Hahaha! Mtu akibanwa tu, bibi anakuwa Mpemba.

Chumbageni: Mtaje bibi yangu tena uone.

Fundi Chokaa: Siku ya kumbukumbu ya nini, na majengo yenyewe yanatushinda? Beit al-Ajaib, jumba jingine la masultani, lilikuwa palepale, mizinga ya 1896 ikaliacha limesimama. Desemba 2020 upande mzima ukaporomoka, na hakuna aliyerusha hata jiwe.

Mshangani: Ndugu zangu, niliuliza habari ya waliokufa.

Mzee wa Baraza: Kwanza hizo dakika 38 umezitoa wapi? Mizinga imeanza saa 3:02 asubuhi. Sisi tulisomeshwa 45.

Mshangani: Inategemea mzee unahesabu mpaka bendera ilipoangushwa au...

Bint Malindi: Chumbageni, Pemba ipi? Wete au Chake?

Chumbageni: Mkoani.

Bint Malindi: Basi ungesema mapema.